Mshale Niliouchora Lac Vert

Keshero, saa tisa alasiri

Kavira mwanangu,

Salamu zako utazipata kesho bandarini kwa mdomo, pamoja na machozi ya mama yako, kwa hiyo hapa naziruka. Maagizo nayo naruka. Mama ameshakupa yote ya dunia hii: dawa ya malaria iko mfuko gani, jibini ya Masisi ifungwe na nini isinuke, usikae karibu na injini ya boti, usimwamini mtu anayekuita dada kabla hajajua jina lako. Sina la kuongeza. Wewe uko Himbi kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomjua shangazi, hatakuachilia mapema. Mimi nimekaa mezani na karatasi za mtihani zilizobaki, moyo unanidunda kama nimepanda mlima mbio. Binti yangu anakwenda Bukavu kusoma biolojia! Nimemwambia jirani, nimemwambia mwenye kuuza makaa, nimemwambia hata yule mzee wa kwaya ambaye tumenuniana naye tangu Pasaka. Amenipa mkono.

Nataka kukuandikia juu ya ARN. Usicheke. Wazazi wengine huandika juu ya Mungu, ukoo na wachumba, lakini hayo mama yako ameyashika vizuri kuliko mimi. ARN ndiyo imekaa kati yako na mimi tangu kambi ya Lac Vert, na sitaki upande boti kesho ikiwa bado imekaa pale pale. Nitaieleza kana kwamba hujawahi kuisikia, maana mara ya kwanza nilikufundisha vibaya, nikaja kujua kwamba nimekufundisha vibaya, na nikanyamaza miaka miwili.

Unaikumbuka shule yetu ya Sake, kabla vita havijatufukuza. Kitabu cha biolojia kilikuwa kimoja kwa shule nzima. Prefe, mkuu wetu, alikifungia ndani ya kabati la chuma ofisini mwake, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka nacho, hata mimi mwalimu wa somo lenyewe. Asubuhi niliingia, nikanakili ukurasa ule tu niliouhitaji, nikatoka nao, nikauandika ubaoni kwa chaki. Saa sita mchana ubao ulifutwa. Kesho yake ukurasa mwingine.

Seli nayo inaishi hivyo hivyo. ADN ndiyo kitabu, na haitoki ndani ya kiini. Seli ikihitaji kutengeneza protini fulani, inanakili ukurasa wa protini ile peke yake, na nakala hiyo ndiyo ARN, ambayo wenzetu wanaosoma kwa Kiingereza wanaiita RNA, kama ADN wanavyoiita DNA. ADN ni nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. ARN kwa kawaida ni uzi mmoja. Imeandikwa kwa herufi nne, A, U, G na C, karibu zile zile za ADN, isipokuwa penye T yenyewe inaweka U. Inatoka nje ya kiini, inasomwa herufi tatu tatu, protini inaundwa, halafu uzi unakatwakatwa na vipande vyake vinatumika kwingine. Nyingine hazimalizi hata saa moja.

Zamani nilipofundisha hapo nilipita haraka, kwa sababu kitu kinachokufa upesi namna hiyo nilikiona dhaifu. Sasa ndipo panaponifurahisha kuliko pote! Ubao usiofutika ungetosha kwa somo moja tu la maisha yako yote. Ukishiba, seli zako zina kazi moja. Ukishinda njaa, zina nyingine. Ukijikata kidole, nyingine kabisa. Zinaweza kubadili kazi kwa sababu nakala za jana zimeshafutwa. Nikiwaza hilo nikiwa naoga huwa nacheka peke yangu, na mama yako anauliza nje kama sabuni imeniingia akilini.

Sasa nirudi kwenye kosa langu.

Vita vilipofika Sake tulitoka kwa miguu. Wewe ulimbeba mdogo wako mgongoni na sufuria kichwani, mimi nilibeba godoro. Daftari langu la maandalio, miaka kumi na minne ya masomo kwa mwandiko wangu mwenyewe, nililisahau juu ya meza. Nililikumbuka tukiwa tumeshatembea saa nzima, barabara imejaa watu, ng'ombe wa watu wa Masisi wanapita katikati yetu. Niliweka godoro chini ili nirudie lile daftari. Mama yako akanishika shati.

"Weye, ukirudia kaye, tutakuzika na hiyo kaye."

Nikabeba godoro, tukaendelea.

Kambini Lac Vert, wiki ya tatu hivi, wazazi walinijia wakasema watoto wanaharibika. Wakasimamisha turubai juu ya miti, wakapaka kipande cha mbao weusi wa betri za radio zilizokufa, na nyinyi mkakaa juu ya mawe ya volkano. Nilisimama mbele yenu na chaki mkononi, na kichwani hamna kitu. Kitabu kilibaki kabatini, daftari langu mezani. Ndipo Furaha, yule rafiki yako wa Sake, akatoa mfuko wa nailoni kifuani. "Prof, miye nilikimbia na kaye ya biolojia," akasema. Nguo hakubeba, viatu hakubeba. Alibeba daftari aliloliandika kutoka ubaoni kwangu.

Nililiazima siku mbili. Nilijaza daftari jipya kutoka la kwake, neno kwa neno, kwa haraka, maana mvua ilikuwa inakuja. Unajua wanafunzi wetu: unachotamka wanaandika, hata ukipiga chafya. Nilikuwa naandika Kifaransa kizuri juu ya utando wa seli, na katikati yake nikaandika, kwa mwandiko wangu safi kabisa, "Kambale, ikala chini." Nilikuwa nimeshafika mstari wa tatu ndipo nikashtuka. Kambale alikuwa mtundu wa darasa lile la Sake, na nilimkemea siku hiyo nikiwa nasoma imla, na Furaha hakutaka kupoteza hata neno. Nilicheka mpaka machozi. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu tulipoiacha nyumba.

Na hema lile halikuwa na kuta. Watu wazima hawakuwa na mashamba wala kazi, wakawa wanasimama pembeni kusikiliza. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji kutoka milima ya Masisi, alikuja kila siku na fimbo yake, na nilipoanza kusema alivua kofia. Sikuwahi kuheshimiwa namna ile maishani mwangu. Nyumba sina, mbuzi sina, nalala juu ya mawe, nasimama foleni na bakuli. Lakini kuanzia saa mbili hadi saa sita nilikuwa Monsieur, mtu anayejua. Nilikipenda kile cheo, Kavira. Nilikipenda kupita kiasi.

Siku ya somo la ARN nikachora mshale kutoka ADN kwenda ARN, na mwingine kutoka ARN kwenda protini. Nikapandisha sauti isikike mpaka foleni ya maji. Nikasema mshale huu haurudi nyuma, nakala haiwezi kamwe kuandika kitabu. Ndivyo mwalimu wangu alivyonisomea imla, na ndivyo nilivyokuwa nikisoma imla tangu niwe mwalimu.

Ukainua mkono.

"Monsieur, iko virusi moja yenye inafanya vile. Ya SIDA. Iko na ARN tu, lakini ikiingia ndani ya seli inaandika ADN."

"Nani alikuambia?"

"Mama Esperansi wa ku posta ya afya."

"Na nani anafundisha hapa, miye ao Mama Esperansi?"

Watu wakacheka. Ulipaswa kukaa, na mtoto mwingine angekaa.

"Lakini Monsieur, alisema dawa njo inazuia pale pale, fasi inageuka."

Niliogopa. Naliandika hilo neno lilivyo. Mzee mwenye fimbo alikuwa ananiangalia, na niliona kama mshale ule mmoja ukianguka, somo lote litaanguka, na mimi nitabaki mtu wa kawaida mwenye bakuli. Nikakuita mbele. Nikakusimamisha kando ya ubao, nikakuamuru useme mara tatu, kwa sauti, kwamba mshale haurudi nyuma. Ulisema. Mara ya kwanza na ya pili uliwatazama watu, mara ya tatu ulinitazama mimi. Hukulia. Wazazi wakapiga makofi, mfugaji akagonga fimbo chini, na mimi nikawashukuru kwa kichwa.

Jioni ulileta sahani ya bugali. "Monsieur, chakula," ukasema. Hukusema Papa. Na mama yako, ambaye alikuwa amesimama nje ya turubai muda wote, akaniambia, "Mutoto amekuuliza, weye unamupatisha haya." Halafu siku tatu alizungumza nami kupitia mdogo wako: mwambie papa yako maji yako tayari, mwambie papa yako anakanyaga nguo.

Siku ya nne nilikwenda posta ya afya, kile kituo cha matibabu cha kambi, kumkemea Mama Esperansi. Unamkumbuka, yule mama mnene wa maabara, miwani imefungwa na uzi. Nilikuta anachoma watoto vidole kupima malaria. Nikaanza kwa mbali, kuna mwanafunzi mmoja anasema hivi na hivi. Hakuacha hata kazi yake.

"Papa prof, huyo mutoto iko na haki."

Akanieleza pale pale. Virusi vya SIDA, UKIMWI kwa Kiswahili cha vitabu, vinabeba ARN, havina ADN. Vinakuja na kifaa chao, kimeng'enya kinachosoma ARN na kuandika ADN, kinyume na nilivyozoea, kisha ADN ile inaingizwa ndani ya kitabu cha seli yenyewe, kati ya kurasa, na seli inaisoma kama ukurasa wake. Baadhi ya dawa ambazo wagonjwa wanameza kila siku zinakizuia kifaa kile kisiandike.

Kavira, nitaungama jambo. Kabla sijaona aibu, nilifurahi. Ugonjwa ule umetuzikia watu wengi na sina neno zuri juu yake, lakini kujua kwamba mshale unarudi! Nilikaa juu ya katoni la glavu nikamuuliza maswali mpaka wagonjwa wakanung'unika. Mama Esperansi alikuwa amefanya kazi maabara kubwa mjini, akaniambia ARN ni laini mno hata vidole vyetu vinaiharibu, maana ngozi yetu ina vimeng'enya vya kuikata. Kule maabara, alisema, glavu zinamlinda mtu na damu, na zinailinda ARN na mtu. Nilirudi kambini nikitazama vidole vyangu kama vya mgeni.

Njiani ndipo nilipokumbuka daftari. Kitabu changu kipya, kile nilichokishika siku ile mbele ya wazazi nikitangaza kwamba nakala haiandiki kitabu, nilikiandika kutoka kwa nakala ya Furaha. Na Mama Esperansi alikuwa ameniambia kwamba kile kifaa cha virusi hukosea sana kikinakili, ndiyo maana virusi hubadilika haraka. Nikamkumbuka Kambale. Nilisimama katikati ya njia nikacheka, na hapo hapo aibu ikanishika.

Kwa nini sikukuambia jioni ile? Nimejiuliza mara nyingi. Nilisema nitakuambia kesho, kisha nikasema Jumatatu, kisha nikasema umeshasahau. Ukweli ni kwamba mzee mwenye fimbo aliendelea kuvua kofia, na mimi niliendelea kuipenda kofia ile ivuliwe. Nilikuwa nimepoteza kila kitu, nikakishika kilichobaki kwa mikono miwili, na kwa bahati mbaya nilikishika juu ya kichwa chako.

Kisha kambi ikavunjika, watu wakatawanyika, sisi tukapata chumba hapa Keshero. Madaftari yale yakaondoka na wenyewe, mengine Masisi, mengine Rutshuru, mengine sijui wapi, kila moja na mshale wangu ndani. Nilizionea seli wivu. Nakala mbaya ya ARN inakatwa na kusahaulika, lakini mtoto wa kwetu anatunza daftari mpaka mdogo wake aje alinakili, na mdogo wa mdogo.

Na wewe, tangu siku ile, hukuniuliza tena swali la biolojia. Hata moja. Wewe uliyekuwa ukinifuata mpaka chooni! Kwa nini mkia wa mjusi unaruka ukikatika, kwa nini maziwa yanaganda tumboni mwa ndama, kwa nini mapacha wa jirani hawafanani. Ghafla kimya. Huku Keshero ulipata mwalimu mwingine, yule mama mwembamba, na nilikusikia nyuma ya pazia ukimsimulia mdogo wako maswali uliyomuuliza. Nikiingia, ulifunga kitabu, ukasema, "Papa, nikuletee chai?" Nimekunywa chai nyingi sana miaka hii miwili. Nilidhani unaniadhibu, na nikasema moyoni, ni haki yake.

Nami nikaanza kusoma kwa siri, kwenye simu, kama mtu anayeficha chupa. Mama yako alifikiri nina mwanamke. Nilikuwa nasoma ribosomu! Unaijua ribosomu, ile mashine ya seli inayosoma ARN na kuunganisha asidi amino mpaka zinakuwa protini. Maisha yangu yote nilifundisha kwamba kazi zote ndani ya seli zinafanywa na protini, na ARN ni mjumbe tu, anabeba barua na kuondoka. Kumbe ndani kabisa ya ribosomu, pale asidi amino zinaposhikanishwa, anayeshikanisha ni ARN yenyewe. Protini ziko pembeni, zinashikilia. Na wanaozileta asidi amino, moja moja, nao ni ARN, nyuzi fupi zilizojikunja. Siku niliposoma hivyo niliruka kutoka kitandani. Kumbe mjumbe ndiye fundi, na ndiye mchukuzi, na kwa virusi vingine ndiye kitabu chenyewe! Wapo wanaofikiri kwamba mwanzoni kabisa mwa uhai, kabla ya ADN na kabla ya protini, ARN ilikuwa inafanya yote peke yake.

Nilitembea mpaka kwenye pazia lako nikuambie. Nilisimama pale na simu mkononi. Nikasikia unafunga kitabu. Nikarudi.

Wiki iliyopita, barua ya kukubaliwa kwako ilipofika, nilimpigia Furaha simu, yuko Sake tena, ana mtoto sasa. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuungama. Nikamwambia, Furaha, lile daftari lako, ukurasa wa ARN, nilikufundisha vibaya, futa ule mshale.

"Prof, ile tulishafuta kutoka zamani. Kavira alituambia, wiki ile ile. Darasa yote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alitukataza. Alisema, muache muzee, alishapoteza mingi."

Nilikata simu bila kuaga. Utamwomba radhi kwa niaba yangu.

Darasa zima, mwanangu! Mlikaa juu ya mawe yale mkinitazama, madaftari yenu yakiwa yameshasahihishwa, na mkaniacha niendelee kuwa Monsieur. Na mimi miaka miwili nadhani ninalinda kitu. Lakini si hilo lililonikosesha usingizi wiki hii. Ni kwamba nilifahamu vibaya hata kimya chako. Hukuwa unaniadhibu. Ulikuwa unanihurumia. Uliacha kuniuliza kwa sababu uliogopa utauliza kitu nisichokijua, na uliona yaliyonipata nilipoulizwa kitu nisichokijua. Ulikuwa unafunga kitabu ili nisiaibike, na chai ilikuwa ya kunipa kisingizio cha kukaa.

Basi nisikilize, hapa ndipo barua yangu yote ilipo. Ulikuwa na haki Lac Vert, na nililijua hilo siku nne baadaye. Nilikusemesha uongo mbele ya watu mara tatu, na naomba unisamehe, si kwa sababu mimi ni papa yako, kwa sababu nilikosa. Hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi kuliomba: acha kunihurumia. Sitaki uende Bukavu ukajue mambo makubwa, kisha ukirudi likizo unifungie kitabu na kuniletea chai. Niulize. Niulize hata mbele ya shangazi zako, hata mbele ya yule mzee wa kwaya. Nikikosa jibu, niache nikose. Nimegundua, kwa kuchelewa, kwamba kukosa jibu kunauma dakika moja, halafu kuna raha yake, ile raha ya juu ya katoni la glavu.

Huko uendako utakutana na maprofesa wa aina yangu. Wengine watakusimamisha mbele. Sitakuambia ubishane na kila mmoja, mama yako anataka umalize masomo. Lakini ukilazimishwa kusema kitu mara tatu, angalia kama utaweza kufanya ulivyofanya na wenzako, kurekebisha madaftari kimya kimya. Sikukufundisha hilo mimi, na nalisema kwa fahari, kifua mbele. Na siku ukiwa mwalimu, maana naona utakuwa, na mtoto akainua mkono, utasikia hofu ile ile. Itakuja tu. Mimi nilidhani inamtokea mtu aliyepoteza nyumba, lakini nadhani inawatokea wote.

Nilitaka kukuandikia pia juu ya zile nyuzi fupi zilizojikunja, maana nimejaribu kuzichora kwenye karatasi ya pembeni. Uzi ni mmoja, lakini A inatafuta U, G inatafuta C, kwenye uzi ule ule, zinashikana, na uzi unajikunja wenyewe kuwa na umbo. Umbo ndilo linaloupa kazi. Ninapenda sana kwamba

Nimekatisha hapo kwa sababu umeingia. Shangazi amekuachilia kumbe. Umeweka chini mayai aliyokupa, umesema njaa inakuua, nami nimeifunika barua kwa mkono kama mwanafunzi anayeiba mtihani. Mchoro sikuwahi kuufunika. Umeuchukua, umeugeuza huku na huku, mkoba bado begani.

"Papa, hii A inashikana na hii U?"

"Njo, inashikana."

"Lakini U iko mingi hapa. Moja, mbili, ingine ile. Hii A inajua je U yake ni gani?"

Nilifungua mdomo, na ile sauti kubwa ilikuwa tayari kooni. Mama yako ametoka jikoni na kijiko, amesimama mlangoni. Kwa kweli sikujua, Kavira. Najua zinashikana, lakini inachaguaje kati ya nyingi, sikuwahi hata kufikiri kwamba hilo ni swali.

"Sijui," nimesema. "Miye sijui."

Umenitazama. Kisha umeshusha mkoba, umevuta kiti, umeniambia nisogee. Mistari hii ya mwisho naiandika kwa penseli ya mdogo wako, maana kalamu umeichukua wewe, na umeshachora U ya nne.

Papa